Rejeta chini ya TV

Kuna sauti tumeishi nayo sebuleni kwa Baba miaka na miaka, nayo ni feni. Kakompyuta kadogo kanakokaa chini ya TV ukikafungulia video nzito kidogo kanaanza kunguruma taratibu, baada ya dakika mbili kanavuma kama mashine ya kukoboa mpunga, na Baba bila kusema neno ananyoosha mkono, anachukua rimoti, anaongeza sauti. Feni ikipanda na yeye anapanda. Wageni wanauliza kuna nini huko nyuma ya kabati, sisi tulishazoea.

Nilimnunulia mwaka 2016, used, kwa jamaa aliyekuwa anahama Mbeya. Kesi yake, yani boksi lenyewe, ni ya lita kama 11, ukilaza dumu la lita kumi pembeni yake havipishani sana. Ndani ina mazabodi, ile bodi kuu, ya Mini-ITX, yani ya sentimita 17 kwa 17, prosesa, ubongo wa kompyuta, ya Core i3-2100 ya mwaka 2011, feni moja ya milimita 120 kwa mbele, na pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme, imekaa juu ya prosesa kama kifuniko cha sufuria. Tundu la kadi lipo moja tu, nalitaja mapema kwa sababu hilo tundu moja ndo lilinifikisha kwenye mambo ya kupoza kompyuta kwa maji.

Sasa kwa nini nihangaike na kompyuta ya 2011 wakati kuna viboksi vidogo vya kisasa vinaonyesha kila kitu bila kelele? Kanda. Bibi mzaa Baba ameacha kanda saba za VHS zilizorekodiwa kwake Tukuyu kuanzia 1996, baba mdogo ndo alikuwa na kamera. Bibi alishafariki siku nyingi. Na Tukuyu mnaijua mvua yake, milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, kitu chochote kinachokaa kabatini kinaota ukungu na mkanda wa video nao unaota, unaona kabisa vile vidoa vyeupe pembeni ya mkanda ukiangalia kwenye kidirisha. Kanda mbili zilishaanza. Nikasema hizi nisipozihamisha mwaka huu nitakuja kuhamisha chenga. Nikatafuta deki ya VHS inayofanya kazi, nikapata kapcha kadi, ile ya kuingizia picha za deki kwenye kompyuta, nikaichomeka kwenye lile tundu moja. Kadi ya video ikawa haina pa kukaa tena.

Hapo niseme ukweli ili mtu asipoteze hela kwa kunifuata. Kama shida yako ni video mpya kukwama tu, usiguse mambo ya maji, nunua kadi ndogo ya video. Video nyingi za simu za sasa zimebanwa kwa mtindo wa HEVC, uliopitishwa 2013, na prosesa za 2011 hazina kile kipande cha kuufungua, kwa hiyo zinafungua kwa nguvu ya mwili mzima. Video ya send-off ya dada yangu ilipigwa 4K kwa simu, i3 ilikuwa inaonyesha picha moja moja kama albamu. Kadi kama GT 1030 ya mwaka 2017 inakula wati 30 tu na ingeimaliza kazi hiyo bila jasho. Mi sikuwa na tundu. Na kuhamisha kanda kulitaka nguvu ya prosesa, sababu kompyuta inapokea picha kutoka kwenye deki, inazinyoosha ile mistari ya TV za zamani na inabana hapo hapo, i3 ikielemewa inaruka picha na picha iliyoruka imeruka, unarudisha kanda nyuma unaanza upya, na kanda yenye ukungu hutaki kuipitisha kwenye kichwa cha deki mara tatu.

Kwa hiyo nikabadili prosesa. Uzuri wa mazabodi ile ni kwamba soketi yake, LGA 1155, inapokea hata i7-2600, na hizo used sa hivi bei yake imeshuka sana. Kutoka koa mbili mpaka nne, yani vichwa vya kufanyia kazi, na inashika kazi nane kwa wakati mmoja. Ramu nikapandisha mpaka giga 8, diski nikaweka SSD, hayo ya kawaida kila mtu anayajua.

Ila i3 ile ni ya wati 65 na i7 ni ya wati 95. Kwenye karatasi ni tofauti ya wati 30, balbu moja ya zamani hata haifiki, lakini ndani ya dumu la lita 11 lililozibwa na pawa saplai hizo wati 30 ni moto. Nikaanza kuhamisha kanda ya kwanza, feni ikapanda, joto likapanda, 85, 91, 97, na kikomo cha toleo lile ni nyuzijoto 98, ikifika hapo prosesa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Ikajipunguza. Picha zikaanza kuruka tena. Nimenunua i7 nikapata i3 yenye kelele. Nilikaa pale sakafuni nimeshika bisibisi nimechoka kweli, Baba yuko kwenye kochi ananiangalia.

"Imechemsha?" akauliza.

Nikamwambia eeh, imechemsha.

Mzee wangu aliendesha maroli kati ya Dar na Tunduma miaka zaidi ya ishirini. Kuchemsha kwake siyo neno la kompyuta, ni Kitonga. Ukitoka Ruaha Mbuyuni umejaza mzigo, jua la saa nane, unaanza kupanda zile kona na sindano ya joto inapanda na wewe. Alishanisimulia walivyokuwa wanawasha hita ya kabini mchana kweupe, madirisha wazi, jasho linatiririka, ili joto kidogo la injini litokee ndani kwa dereva badala ya kubaki kwenye maji. Nikamweleza kuna kitu kinaitwa kupoza prosesa kwa maji, kinakuwa na kapampu, mipira miwili na rejeta ndogo. Nilidhani atasema ni hatari, maji na umeme. Akasema kitu ambacho sijakikuta kwenye video yoyote ya mtandaoni, na nimeangalia nyingi.

"Maji hayapoozi injini. Maji yanabeba joto tu. Anayepooza ni upepo. Sasa wewe niambie, hapo upepo utapita wapi?"

Swali hilo ndo lilikuwa kazi yote. Tukilisikia neno maji tunawaza baridi, kumbe maji yale ni mchukuzi. Na ni mchukuzi hodari, ujazo ule ule wa maji unabeba joto mara kama 3,500 ya hewa. Nilikaa nikapiga hesabu, wati 95 zikiingia kwenye maji yanayozunguka lita moja kwa dakika, maji yanapanda nyuzi kama 1.4 tu yakipita pale juu ya prosesa. Kazi ya kutoa joto kwenye chipu inaisha hapo hapo, lakini joto lenyewe halijaenda popote, limehamishiwa kwenye rejeta, na rejeta bila upepo inajaa. Kwenye kesi yangu faida ilikuwa hiyo tu ya kuhama. Prosesa imekaa chini ya pawa saplai inapumua hewa yake yenyewe, rejeta nitaiweka mbele kabisa kwenye ile feni ya 120, inakutana na hewa ya sebuleni moja kwa moja.

Na hewa ya sebuleni kwetu ina mambo yake mawili. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, msukumo wake ni pungufu karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar, ndo maana maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 na maharage yanakula mkaa. Feni ile ile ikizunguka kasi ile ile inasukuma hewa yenye uzito pungufu kuliko ingekuwa Dar, kwa hiyo vipoza vya upepo huku vinapoteza kiasi. Lakini Juni na Julai sebuleni asubuhi ni nyuzi 14, 15, watu tumevaa masweta ndani, na kila nyuzi moja sebule inapokuwa chini na prosesa inashuka karibu hiyo hiyo. Ukizipima mbili hizi baridi inashinda kwa mbali. Na anayeogopa kwamba maji yatachemkia ndani sababu ya mwinuko aondoe hofu, maji ya mfumo huu kwa kawaida yanacheza nyuzi 30 mpaka 45, hayakaribii kabisa huko kwenye 94.

Mfumo mpya sikuumudu. Nilipata used Kariakoo, rejeta ya milimita 120, pampu na mipira vimeungana kiwandani, muuzaji akaniapia kaka hii nzima kabisa, ikaja kwa basi na nikaipokea stendi ya Nanenane saa nne usiku. Nilipoitikisa karibu na sikio nikasikia maji yanacheza. Hiyo siyo dalili nzuri. Mipira ya vitu hivi inapitisha unyevu kidogo kidogo miaka inavyokwenda, maji yanapungua bila kuvuja hata tone, nafasi yake inachukuliwa na hewa. Nyingi hazina pa kuongezea, zimezibwa moja kwa moja. Hii yangu chini ya stika ilikuwa na skrubu ya kufungulia.

Baba akasema twende kwa fundi rejeta. Mafiati kuna fundi anamfahamu tangu enzi za maroli, nikampa shikamoo, akaipokea ile rejeta kwenye kiganja akaigeuza geuza kama mtu aliyeshika kifaranga. Akachunguza, akasema hii ni alumini, na hapa chini kwenye sahani ni shaba. Akaniuliza nilitaka kuweka maji gani. Nikasema maji safi ya kuchemsha. Akatikisa kichwa. Shaba na alumini zikiwa kwenye maji mamoja zinalana, alumini ndo inaliwa, na maji ya bomba yana chumvi chumvi za kuharakisha, baada ya miezi unakuta uji mweupe ndani na vijia vimeziba. Weka maji ya betri, akasema, yale yasiyo na kitu, sio tindikali, changanya na kulanti ya rejeta za magari, yenye dawa ya kuzuia kutu. Tukaongeza kwa bomba la sindano, hata mililita 30 hazikufika, huku anaigeuza rejeta huku na huku mapovu yatoke. Hakutaka hela. Nikamwachia ya soda.

Kabla ya kuifunga nilifanya kitu kimoja ambacho nawaomba msikiruke. Niliiwasha pampu nje ya kompyuta, kwa pawa saplai ya zamani, imelazwa juu ya tishu nyeupe usiku mzima. Kulanti ni ya kijani, tone moja ungeliona kwenye tishu. Asubuhi tishu kavu.

Kufunga kwenyewe kulichukua Jumamosi nzima na sehemu kubwa ni kutoa tu vitu. Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi, nikaifuta kwa spiriti. Prosesa za toleo lile zina sifa moja nzuri, kifuniko cha i7-2600 kimeunganishwa na chipu kwa solda, siyo pesti, kwa hiyo joto linatoka ndani vizuri na huna haja ya kukibandua. Pesti mpya kama punje ya choroko, sahani ya pampu juu yake, skrubu unakaza kwa kupishanisha pembe kwa pembe, Baba hapo akawa ananisimamia, "usimalize moja, zunguka, zunguka," kama unakaza nati za tairi. Waya wa pampu usiuweke kwenye kitundu kinachobadilisha kasi, pampu inatakiwa ipate volti 12 zote muda wote. Niliipeleka kwenye kitundu cha feni ya kesi nikazima udhibiti wa kasi kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, na feni ya rejeta ikakaa kwenye kitundu cha feni ya prosesa ili ndo ipande na kushuka. Ukiacha kile cha prosesa kitupu mazabodi nyingine zinagoma kuwaka.

Tukawasha. Ikakoroma.

Siyo feni, ni sauti ya maji yanayomeza hewa, gulugulu gulugulu, na joto linapanda 80 linashuka 65 linapanda tena. Nikazima haraka, nikafungua, nikakaza upya, nikawasha, kitu kile kile. Nilishaanza kumlaumu muuzaji kichwani. Baba ndo akauliza kwa nini kompyuta imelala ubavu. Ilikuwa imelala ubavu kwa sababu kabati la TV ni fupi, siku zote ilikaa hivyo, sikuwahi kulifikiria. Akaniambia ukitoa hewa kwenye roli unaegesha pua ikiwa juu mlimani, ili mfuniko wa rejeta uwe juu kuliko kitu kingine chochote, hewa inapanda yenyewe inatoka. Mimi kwa kuilaza ubavu nilikuwa nimeiweka pampu juu ya rejeta, hewa kidogo iliyobaki yote inakimbilia kwenye pampu, na pampu haisukumi hewa.

Tukaisimamisha inavyotakiwa, rejeta kichwa chake kikawa juu ya pampu. Nikaiinamisha polepole mara mbili tatu ikiwa inawaka. Gulu moja la mwisho, kisha kimya. Kabati la TV tumekata mbao moja, mama hajafurahi lakini ameelewa.

Kuhusu upepo uingie au utoke nilihangaika siku mbili. Feni ikitoa nje, joto linakuja usoni kwa watazamaji na kesi haipati hewa mpya. Ikiingiza ndani, joto la rejeta linapita juu ya ramu na vile vipande vya kurekebisha umeme unaokwenda kwenye prosesa, ambavyo zamani vilikuwa vinapepewa na feni ya kiwandani na sasa hivi havina mtu. Watu wengi wanasahau hilo, prosesa inapoa, vipande vya pembeni yake vinaungua kimya kimya. Nikachagua kuingiza, hewa vuguvugu inayotembea ni bora kuliko hewa iliyosimama. Na kwa sababu Uyole kuanzia Agosti vumbi linaingia hata kwenye chai, nimevalisha ile feni kipande cha stokingi ya mama kwa mbele, kinafuliwa kila Jumapili.

Matokeo ni haya. Kazi ile ile, kanda ile ile, sebule nyuzi 17, prosesa ilifika 58 ikakaa hapo saa mbili na nusu mpaka kanda inaisha. Haikuruka picha hata moja. Feni inazunguka nusu ya kasi yake na ukiwa kwenye kochi huisikii, pampu unaisikia ukiweka sikio juu ya kesi.

Kanda ya nne tulihamisha Jumapili jioni, Baba na mimi na mama. Bibi amekaa kwenye kigoda jikoni kwake anamenya ndizi, baba mdogo anamuuliza maswali kwa Kinyakyusa nyuma ya kamera, maiki ya kamera ile ilikuwa mbovu na Bibi alikuwa anaongea chini chini. Kanda hiyo tulishawahi kuiangalia zamani kwenye deki ya jirani, watoto wamejaa, hakuna aliyesikia alichosema. Sasa tulisikia. Kuna mahali anapewa kitenge, anakikunjua, anasema ndaga fijo, yani asante sana, anacheka, halafu anamtaja Baba kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwa nalijua.

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo. Nikainuka kwenda kuangalia kompyuta, nikidhani feni imepanda. Nikaweka mkono mbele ya kesi, feni iko taratibu. Nikasema basi ni kelele za mkanda, kanda za zamani zina mvumo, nitaupunguza kwa programu baadaye.

"Usiupunguze," Baba akasema. "Hiyo ni mvua. Jikoni kwa mama hakukuwa na dari, ni bati tupu."

Akachukua rimoti, akapunguza sauti.